Kabla ya kukaza tumbo, jiulize nani atambeba mtoto

Mama mwenye mtoto mdogo, kabla ya kukubali upasuaji wa kukaza tumbo, jiulize: nani atambeba? Kwa takribani wiki 6 hutakiwi kunyanyua kitu kizito, na mtoto naye ni mzito. Kama bado unataka kuzaa, subiri. Mimba nyingine italegeza tumbo tena. Kama unavuta sigara, acha angalau wiki 4 kabla, kwani huchelewesha kidonda kupona.

Siku za kwanza utatembea umeinama kidogo, ni kawaida. Lakini tembea, usilale tu, ili damu isigande miguuni. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, kifua kikibana au ukishindwa kupumua vizuri, wahi hospitali. Usisubiri kupambazuke.