DHANA TATU ZINAZOWAKWAMISHA VIJANA WETU



Ndugu wanafunzi na wazazi, kila mwaka matokeo ya kidato cha nne yakishatoka, hapa Tukuyu wapo vijana wanaobaki vijiweni. Tunawaita wavivu, lakini wengi wao wamefungwa na dhana tatu potofu.

Ya kwanza ni kwamba kazi ni ofisi tu. Mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, mkulima wa chai wa Katumba au wa maparachichi huonekana amefeli maisha. Lakini maparachichi ya Rungwe yanauzwa hadi Ulaya, na mnunuzi wa huko hutaka tunda lisilo na jeraha, lililochumwa kwa wakati wake, na kumbukumbu za dawa iliyopulizwa. Kazi hiyo inataka hesabu, baiolojia na Kiingereza.

Ya pili ni kwamba bila kuwa na "mtu" hupati kitu. Upendeleo upo, hatukatai. Lakini anayemngoja mjomba wa Dar es Salaam kwa miaka mitatu, muda huo angekwisha kusomea ufundi VETA Mbeya au kilimo Uyole.

Ya tatu ni kwamba riziki imeandikwa, basi tutulie. Ni kweli Mwenyezi Mungu ndiye Mwenye kuruzuku. Lakini Mtume (S.A.W.) alimwelekeza mwenye ngamia amfunge kwanza, kisha atawakali.

Tumwangalie Sahaba Abdulrahman bin Auf (R.A.). Alihamia Madina akiwa ameiacha mali yake Makka. Saad bin Rabii (R.A.) akajitolea kumpa nusu ya mali yake. Kwa hiyo "mtu" alikuwa naye! Yeye akamwombea baraka, akaomba aonyeshwe soko tu. Akaanza na jibini na samli, vitu vya maziwa, ambayo sisi wa Rungwe tunayo tele. Akawa miongoni mwa Masahaba matajiri, na akatoa sana katika njia ya Allah. Hakuionea haya kazi ndogo, hakumtegemea mtu, wala hakukaa akingoja riziki.

Wazazi, tusiwavunje moyo watoto wanaopenda ufundi au shamba. Nawe mwanafunzi, likizo hii mwendee mkulima, fundi au muuguzi mmoja, umwulize alianzaje na alisomea nini. Kisha rudi darasani ukijua unasomea nini.

Wabillahi tawfiq.