Tusimfanye Hilonga fimbo

Kitambo sijaandika, mnisamehe. Nilikuwa nyumbani Kisaki, na mtandao wa kule unajua wenyewe utashika lini. Nimerudi chuo juzi usiku, mgongo bado unauma kwa ile safari ya kupitia Mvuha na Matombo mpaka Bigwa, na leo nimekaa kimbwetani na jambo moja ambalo nisipolitoa nitashindwa hata kufungua desa.

Kwa wasiopajua, Kisaki ni kusini ya milima ya Uluguru, huko bondeni ambako treni ya TAZARA inapita. Tunalima mpunga, ufuta na mahindi, na tembo wanakuja kutusaidia kuvuna bila kuitwa. Mto wetu ni Mgeta.

Kwetu Waluguru mjomba ndiye mwenye neno. Na huyu wangu ndiye aliyeuza magunia ya ufuta mwaka wa kwanza nilipokosa mkopo, wenzangu wakisubiri bumu mimi nasubiri ufuta. Kwa hiyo akiuliza swali, unajibu. Siku ya pili tu, barazani, akaniuliza: "Mpwa wangu, huu mwaka wa mwisho mnafanya utafiti. Wewe unatafiti nini?" Nikamweleza kwamba nataka kutengeneza vipunje vya kaboni, vidogo kuliko unavyoweza kufikiria, ambavyo ukivimulika vinatoa rangi. Akanyamaza. Akaitazama ndoo ya mama pale pembeni, maji yametulizwa tope lishuke chini. Kisha akasema, "Yule kijana wa Karatu nilimsikia redioni. Alitengeneza chujio la maji. Wewe unatuletea rangi?"

Jamani, sikuwa na jibu. Nilitamani baraza inimeze.

Kijana wa Karatu ni Dk. Askwar Hilonga, wa kijiji cha Gongali. Alikulia kwenye maji machafu na magonjwa yake, akasoma, akaenda Korea Kusini mpaka shahada ya uzamivu, akarudi kufundisha kwenye Taasisi ya Nelson Mandela pale Arusha. Chujio lake linaunganisha mchanga wa kawaida, unaozuia uchafu na vijidudu, na chembe za nano zinazonasa vitu ambavyo mchanga hauviwezi, kama floridi na metali nzito. Uzuri wake ni kwamba mchanganyiko unaweza kupangwa kulingana na maji ya mahali. Mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi, inayotolewa na Taasisi ya Kifalme ya Uhandisi ya Uingereza. Ndiyo ilikuwa inatolewa kwa mara ya kwanza, pauni 25,000. Namheshimu sana yule bwana, hilo lieleweke kabla hamjanirushia mawe.

Ila tangu hapo jina lake limekuwa fimbo. Siyo mjomba peke yake. Nimeshaambiwa na msomi mmoja, tena mwenye makaratasi yake ukutani, "Fanya kitu kinachosaidia jamii, kama Hilonga, achana na mambo ya kizungu." Na mimi nasema, anayeongea hivyo amesimulia hadithi nusu. Ameanza na ndoo chafu ya Gongali, akarukia hundi ya mwaka 2015, katikati amepakata.

Katikati kuna nini? Kuna miaka ya Korea. Utafiti wake wa kule ulihusu silika yenye matundu madogo sana, inayotengenezwa kutokana na silikati ya sodiamu. Gramu moja ya unga wa namna ile, ukihesabu kuta za matundu yote, inaweza kuwa na eneo la mita za mraba mia kadhaa. Yaani viwanja kadhaa vya mpira wa wavu kwenye kijiko cha chai! Hizo silika watu walizichunguza miaka mingi, wakitaka kujua matundu yanajengekaje na kwa nini. Akaja mtu mwenye ndoo yake kichwani, akakuta maarifa yapo tayari. Yasingekuwepo, angerudi na shahada na huruma.

Sasa turudi kwenye rangi zangu. Zinaitwa nukta za kwantamu. Kule Matombo kuna rubi, na wekundu wake unatokana na kromiamu kidogo iliyojificha ndani ya jiwe. Pasua rubi, vipande vyote viwili ni vyekundu. Nukta za kwantamu ni watundu. Chukua fuwele ya kadmiamu selenaidi, ifanye iwe na upana wa nanomita chache (nanomita ni mita moja ukiigawa mara bilioni), inawaka bluu. Ikuze kidogo, kemikali ileile, inakuwa kijani, halafu nyekundu. Ni kama ngoma: ndogo inalia sauti nyembamba, kubwa inalia nzito, na ngozi ni ya mbuzi yuleyule. Elektroni iliyobanwa kwenye chumba kidogo inabidi iwe na nguvu zaidi, na mwanga wenye nguvu zaidi ndio huo wa bluu.

Waliogundua hawakuwa wanatafuta televisheni. Alexei Ekimov, enzi za Sovieti, alikuwa anachoma vioo vyenye kloridi ya shaba, nyuzijoto 500 mpaka 700, vingine saa moja, vingine saa 96, aone rangi inabadilikaje. Akachapisha mwaka 1981. Louis Brus kule Marekani aliacha chembe zake za kadmiamu salfaidi mezani, alipozipima tena zimebadilika tabia, kumbe zimekua. Hiyo ni 1983. Mwaka 1993 Moungi Bawendi na wenzake wakapata njia ya kuzikuza zikalingana, kwa kudunga kemikali kwenye kimiminika cha moto. Tuzo ya Nobeli ya Kemia ikaja 2023. Toka kioo cha kwanza mpaka tuzo ni zaidi ya miaka 40, na katikati hapo ndipo zikaingia kwenye skrini za televisheni.

Bawendi, kwa taarifa yenu, baba yake alikuwa Mtunisia, mwanahisabati. Na mtihani wake wa kwanza wa kemia Harvard alipata 20 kwa 100, mkia wa darasa. Wenye sapu semesta hii msidisko kimoyomoyo.

Sasa nimtendee haki mjomba, maana ana hoja. Kadmiamu ni sumu, na maabara isiyo na mahali pa kumwaga taka zake haina biashara nayo. Pesa ni chache. Na ile ndoo ya mama siyo mfano wa kupambia makala, ni maji tunayokunywa sisi. Kuna usiku nililala nikijiuliza kama siyo ubinafsi tu, mtoto wa Kisaki kuchezea rangi. Sijamaliza kujiuliza.

Lakini angalieni upande wa pili. Tukilazimisha kila mwanafunzi wa kemia afanye chujio ili aonekane mzalendo, tutakuwa na machujio hamsini ya mchanga kwenye makabati ya idara, yote yananakili lile la kwanza, hakuna hata moja lililofika Gongali wala Kisaki. Kufikisha chujio kijijini, kulibadilisha likichoka, kukusanya hela za matengenezo, hiyo ni kazi ya fundi, mhasibu na kamati ya maji. Projekti ya mwaka wa mwisho haiiwezi. Inachoweza ni kumfundisha mtu kuuliza swali ambalo jibu lake halipo kwenye desa. Tukikataa hata hilo, tutaendelea kupanda ndege kwenda kuulizia maswali yetu Korea.

Swali langu ni hili. Nukta za kaboni hazina sumu kama ya kadmiamu na hazihitaji mamilioni: asidi ya sitriki, yurea, moto. Ila wataalamu bado wanabishana kama mwanga wake unatokana na udogo, au na kemia ya ngozi yake ya nje, au ni vitu vingine vilivyozaliwa humohumo kwenye chungu. Nataka kuzitenganisha nione nini hasa kinawaka. Kwenye pendekezo nimeandika kwamba zinaweza kutambua chuma kwenye maji, maana ni kweli mwanga wake hufifia chuma ikiwepo, na bila neno "maji" karatasi isingepita. Nakiri hapa mbele yenu: chuma nimeiweka mlangoni.

Siku ya kuondoka nilimwonyesha mjomba kichupa nilichotoka nacho chuo. Maji ya kahawia, kama chai iliyokosa majani. Nikaingia naye ndani kwenye giza, nikawasha ile tochi ndogo ya kukagulia noti, kichupa kikawaka bluu. Akakichukua, akakigeuza, akazima tochi, akawasha.

"Umetia nini humu?"

"Yurea, mjomba. Na kitu kama ndimu."

"Yurea hii ya mpunga?"

"Hiyohiyo."

Akawasha tena. "Sasa mbona shambani haiwaki?"

Nikamwambia hata mimi bado natafuta. Basi la Morogoro likapiga honi, akanirudishia kichupa. Tochi akabaki nayo.