Kelele Si Nguvu: Neno kwa Wenye Magari Madogo



Jumapili iliyopita, baada ya Misa ya pili, niliombwa kubariki gari. Lilikuwa Toyota IST ya lita 1.3, lililonunuliwa kwa fedha za mpunga wa misimu miwili, nalo lilikuwa limeoshwa likang'aa. Kabla sijachukua maji ya baraka, kijana mwenyewe aliwasha injini ili nisikie. Nilisikia, watoto waliokuwa uwanjani waliziba masikio. Sailensa ilikuwa imekatwa, na masega ya kusafishia moshi yalikwisha kutolewa na kuuzwa. Chini ya boneti, boksi la chujio la hewa lilikuwa limeng'olewa, na mahali pake pamefungwa chujio jekundu lenye umbo la pia. "Baba, sasa linavuta," akaniambia. Nikamwuliza habari za breki. Akasema atazishughulikia baada ya mavuno.

Nililibariki, kwa kuwa watakaopanda humo wanahitaji baraka hiyo kuliko yeye. Lakini nimeona nisikae kimya, maana huyu ni wa tatu mwaka huu, na wote watatu wameambiwa hadithi ile ile na wauza vipuri: kwamba injini ya gari dogo "imebanwa" na kiwanda, na kwamba ukiifungua njia ya hewa na ya moshi itaamka. Hadithi hiyo ni uongo unaouzwa kwa bei ya magunia ya mpunga, nami nitaeleza kwa nini.

Injini ya IST ya lita 1.3 ilitoka Japani ikiwa na nguvu za farasi 87. Ile ya lita 1.5 ilikuwa na 109. Idadi hizo hupatikana pale mizunguko inapofika 6,000 kwa dakika. Ni nani kati yetu aifikishaye huko, katika matope ya barabara ya Mlimba kuja Masagati? Bomba lililo wazi, likisaidia hata kidogo, husaidia huko juu kabisa kwenye mizunguko ambayo dereva wetu haigusi. Huku chini, anakopambana na mlima, hapati kitu ila mngurumo. Sikio humdanganya mguu: gari likipiga kelele zaidi, mtu huamini linakwenda zaidi.

Na tazameni hesabu hii. Kijana wetu alipokwenda kununua alikuta magari yote mawili, akachagua lenye injini ndogo kwa sababu lilipungua bei. Farasi 22 aliowaacha sokoni sasa anataka kuwarudisha kwa msumeno. Hakuna bomba wala chujio litakalompa hata robo yao. Aliyehitaji nguvu angenunua injini ya lita 1.5 tangu mwanzo. Hilo ndilo badiliko pekee la nguvu ninaloweza kumshauri mtu mwenye gari la aina hii.

Lile chujio jekundu lina ubaya wake wa pekee. Boksi la kiwanda huvuta hewa kutoka mbele ya gari, ambako kuna ubaridi. Chujio la pia lililofungwa bila kinga huvuta hewa iliyokwisha kuchemshwa na injini yenyewe, na hewa ya moto ni nyepesi, oksijeni yake ni haba, hivyo nguvu hupungua badala ya kuongezeka. Ongezeni vumbi letu la kiangazi, ambalo ni mchanga uliosagwa. Likipenya kidogo kidogo hula ringi za pistoni na kuta za silinda, na baada ya muda gari huanza kunywa oili. (Turbo siitaji kwa urefu: injini yenye mgandamizo wa takriban 10.5 kwa 1 haikuumbwa kushindiliwa hewa, na anayeifunga bila kubadili vya ndani anaagiza pistoni mpya.)

Haki niiseme: kuna wataalamu wanaoongeza nguvu kwa kweli. Hao hupima kwa mashine maalumu, kisha huandika upya programu ya kompyuta ya injini. Fundi mwenye msumeno hana hiki wala kile.

Kinachonikasirisha kuliko yote ni thamostati. Wapo mafundi wanaoing'oa katika kila gari linaloingia gereji, wakisema ni kifaa cha nchi za baridi. Thamostati hubaki imefungwa hadi maji yafike takriban nyuzi 82, kisha hufunguka. Ukiitoa, injini huchelewa kupata joto lake, kompyuta huendelea kuongeza petroli, na oili haichangamki. Mwenye gari huona kipimo kimeshuka, akadhani amepona. Masika iliyopita gari moja lililokodiwa usiku kumpeleka mama mjamzito Mlimba lilichemka mlimani. Rejeta yake ilikuwa imeziba kwa kutu tangu zamani; thamostati iliondolewa ili ugonjwa usionekane, na ukajionyesha siku ya mzigo. Gasketi ya hedi iliungua. Mama alimalizia safari juu ya bodaboda, mvua ikinyesha, mumewe ameshika tochi. Alifika, namshukuru Mungu. Dereva wa gari lile alikuwa amenunua sailensa ya kung'aa mwezi mmoja kabla.

Michomoko yetu inashindwa milima kwa sababu zilizo wazi. Gari la watu watano hubeba wanane na gunia juu yake. Tena, kila tupandapo mita 1,000 injini isiyo na turbo hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu, kwa kuwa hewa ni nyembamba. Na nguvu nyingine zimeliwa na uzembe: plagi zilizochakaa, chujio lililojaa udongo, oili iliyogeuka uji, matairi yasiyo na upepo wa kutosha. Mwenye fedha mkononi aanze kwa kupima mgandamizo wa silinda, ajue ana injini ya namna gani. Kisha arudishe vitu hivyo vya kawaida, azibue rejeta na kuweka kupozeo badala ya maji ya mtoni. Breki na matairi vitangulie hata hayo yote. Na katika mlima ashushe gia mapema, aiache injini izunguke. Wengi huning'inia kwenye gia ya juu, halafu hulaumu kiwanda.

Nilimwuliza yule kijana kama boksi la zamani la chujio bado analo. Analo, liko nyuma ya nyumba, kuku wanatagia. Ameahidi kuliosha na kulirudisha juma hili, nami nimeahidi kwenda kumshikia spana. Masega hayapatikani tena.