JEMADARI HASHIKI MAHALI PA CHAMA

Ndugu wanachama, liko swali ambalo husikika katika kila tawi, hasa mambo yanapokuwa mazito: Kwa nini tusimtafute mtu mmoja mkubwa atusemee, nasi tuendelee na kazi zetu? Wenye kuuliza hivyo si watu wabaya. Wamechoka na mikutano, wamechoka kutoa ada, nao wanaona kwamba neno moja la mkubwa hufungua mlango ambao barua kumi za karani wa chama hazikuufungua. Sisi twawajibu kwa habari ya kweli kutoka Hispania. Wafanyakazi wa huko walimpata mkubwa wa namna hiyo, wakampenda kwa moyo wote, na yaliyowapata yafaa yajulikane na kila mwenye kadi ya chama.

Mtu huyo aliitwa Baldomero Espartero. Alizaliwa mwaka 1793 katika kijiji cha Granátula, nchi ya La Mancha. Baba yake alikuwa seremala wa magari ya kukokotwa na wanyama, mwenye watoto wengi, na Baldomero alikuwa kitinda mimba. Wazee walitaka awe padre. Lakini majeshi ya Napoleon yalipoingia Hispania mwaka 1808, kijana aliacha vitabu akaenda kuwa askari. Mwaka 1815 alipelekwa Amerika ya Kusini, akapigana huko miaka mingi ili watu wa Peru wasijitawale. Jambo hilo tulitie akilini. Mtoto wa seremala aweza kutumwa kuwatia wengine kamba ya shingo, naye akafanya kazi hiyo kwa bidii akapandishwa cheo.

Jina lake lilikua katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Mfalme Fernando wa Saba alifariki mwaka 1833, akaacha binti mdogo, Isabel, asiyetimiza miaka mitatu. Baba mdogo wa mtoto, Carlos, alidai kiti ni chake, na nchi ikagawanyika. Espartero aliuokoa mji wa Bilbao mwishoni mwa mwaka 1836. Kisha mwezi wa Agosti 1839, huko Vergara, alipatana na Jemadari Maroto wa upande wa pili, wakakumbatiana mbele ya majeshi yao. Watu waliochoka kuzika vijana wao walimwita mleta amani. Hapo ndipo askari alipogeuka kuwa mwanasiasa.

Mwaka 1840 mama wa malkia, aliyekuwa akishika kiti kwa niaba ya mtoto, alitia sahihi sheria ya kuwanyima watu wa miji nafasi ya kujichagulia mameya. Miji iliinuka. Espartero alikataa kuwapiga, na mama huyo akaondoka nchini. Mwezi wa Mei 1841 Bunge lilimchagua Espartero ashike kiti hadi malkia akue. Neno lake alilopenda kulisema ni kwamba mapenzi ya taifa yatimizwe. Ni neno zuri. Lakini twauliza: ni nani aliyekuwa akipima mapenzi hayo, na kwa mizani gani?

Barcelona ilipata jibu mapema. Mji huo ulikuwa mji wa viwanda vya pamba, na huko mwaka 1840 wafuma nguo walikuwa wameunda chama chao cha kusaidiana. Mwezi wa Novemba 1842 mji ulichafuka. Watu walichukia kodi ya vyakula vilivyoingia mjini, walichukia vijana wao kuandikishwa jeshini kwa nguvu, tena waliogopa kwamba serikali itafanya mapatano na Uingereza, nguo za Kiingereza ziingie kwa bei rahisi na viwanda vifungwe. Majeshi yalilazimika kutoka mjini. Tarehe 3 Desemba, mizinga ya ngome ya Montjuïc, iliyo juu ya kilima, iliupiga mji makombora zaidi ya elfu moja. Nyumba mamia ziliharibika. Kisha mji ukatozwa faini kubwa. Yule aliyekataa kuwapiga watu mwaka 1840 ndiye aliyetoa amri mwaka 1842.

Haukupita mwaka mmoja, maadui zake pamoja na wengi waliokuwa rafiki zake waliungana, na katika majira ya joto ya mwaka 1843 alikimbilia Uingereza kwa merikebu. Wengi wangedhani habari yake na wafanyakazi iliishia hapo. Sivyo. Waliomfuata madarakani walikuwa wakali kuliko yeye, na ukali wao ulifanya watu wamkumbuke kwa wema. Ndugu, hivyo ndivyo sifa za wakubwa zinavyotengenezwa mara nyingi: si kwa walivyotenda wao, bali kwa ubaya wa waliofuata.

Mwaka 1854 yalitokea mapinduzi mengine, na malkia, sasa mtu mzima, akamwita Espartero aongoze serikali. Barcelona ilishangilia. Wakati huo wasokota nyuzi walikuwa katika ugomvi mkubwa na matajiri juu ya mashine mpya zilizojiendesha, ambazo ziliwaondoa wengi kazini. Walitaka mambo ambayo kila mwanachama wetu ayajua: mshahara uliopatanwa, saa zisizozidi kiasi, na haki ya kuwa na chama. Lakini aliyeamuru majeshi ya Catalonia alikuwa Jemadari Zapatero. Mwezi wa Juni 1855 Josep Barceló, kiongozi wa wasokota nyuzi, alinyongwa kwa hukumu ya mahakama ya kijeshi, akishitakiwa ujambazi na mauaji. Wenzake hawakukubali kwamba alikuwa na hatia. Mwezi huohuo Zapatero alivunja vyama vya wafanyakazi.

Tarehe 2 Julai 1855 viwanda vya Barcelona na miji ya jirani vilisimama. Huo ndio mgomo mkuu wa kwanza katika Hispania. Wagomaji walidai chama au kifo, walidai mkate na kazi. Na katika sauti hiyohiyo walipaza jina la Espartero na kumtakia maisha marefu! Waliona Zapatero ndiye mbaya, na kwamba mkubwa wake aliye Madrid hajui. Mgomo ulidumu siku tisa hivi. Espartero alimtuma afisa wake, akawasihi wamtumaini na kurudi kazini. Wakarudi.

Wengine watasema walikuwa wajinga. Sisi hatusemi hivyo. Watu wenye njaa, waliozungukwa na askari, hawana siku nyingi za kungoja, na pengine mgomo ungekwisha hata bila mjumbe. Kosa twaliona mahali pengine. Walirudi bila maandishi. Hawakupata karatasi yenye sahihi kuhusu chama, mshahara wala saa. Walipata salamu za mtu mwema. Ahadi ni deni, lakini deni lisiloandikwa mdai wake hana ushahidi.

Na deni halikulipwa. Wafanyakazi walipeleka Bungeni ombi lenye sahihi 33,000, wakiomba haki ya kuungana. Fikirini kazi ya kukusanya sahihi 33,000 katika nchi ambayo vyama vimevunjwa! Serikali ilileta muswada wa kuruhusu vyama vidogo vya kusaidiana tu, na hata huo haukupata kuwa sheria. Mwezi wa Julai 1856 Espartero alijiuzulu, na malkia akamweka Jemadari O'Donnell. Katika Madrid na Barcelona raia walishika silaha wakipigania serikali iliyoanguka, na mamia wakafa. Espartero hakuwaongoza. Alijitenga, kisha akaenda kukaa nyumbani kwake Logroño.

Tumpe haki yake. Mwaka 1870, nchi ilipokuwa ikitafuta mfalme, aliulizwa kama atakubali taji, akakataa kwa sababu ya uzee wake. Si wengi wanaokataa kitu kama hicho. Alifariki Logroño mwezi wa Januari 1879, akiheshimiwa na wengi. Kwa hiyo hatusemi kwamba alikuwa mwovu. Twasema jambo gumu zaidi: hata mkubwa asiye mwovu hawezi kushika mahali pa chama. Kiti chake kilisimama juu ya jeshi na malkia, na siku ya kuchagua kati ya hao na wasokota nyuzi, miguu ya kiti ndiyo iliyochagua. Mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Haki ya kuungana ilikuja baadaye, baada ya mapinduzi ya mwaka 1868. Ilizuiwa tena, kisha ikawekwa katika sheria ya vyama ya mwaka 1887. Mwaka 1888, katika mji uleule wa Barcelona, ulianzishwa muungano wa vyama uitwao UGT, ambao upo hata leo. Espartero alikuwa kaburini miaka tisa. Waliouanzisha walikuwa wafanyakazi wenye vitabu vya hesabu, makatibu wa matawi, na ada.

Basi, ndugu, mkubwa akitaka kutusaidia, tumshukuru, tumpe kiti mkutanoni, tumsikilize. Lakini kabla hajaondoka, tumwombe aandike. Na akisha kuondoka, mweka hazina aendelee kukusanya ada, katibu asome kumbukumbu za mkutano uliopita, na kila mwanachama ajue mapatano yake yamewekwa wapi na yana sahihi ya nani. Tawi lisiloweza kujibu maswali hayo bado linamngoja Espartero.