Geti la wote, hati ya mmoja?

Leo nataka kuongea juu ya breve, ile hati ya uvumbuzi ambayo wenzetu wa Tanzania wanaiita hataza. Najua mtasema: mkimbizi na breve, wapi na wapi? Nivumilieni kidogo.

Siku nikipata kibarua pale Bandari ya Bujumbura, boti ikishafungwa kamba tunapanga mstari kutoka botini mpaka depo. Mfuko unatoka mkono huu unaingia mkono ule. Mmoja akichoka, wa kando anasogea, kazi haisimami. Halafu kuna geti. Pale ndipo karatasi zinaangaliwa: mzigo wa nani, unakwenda wapi, ruhusa iko wapi.

Mtandao wa meshi uko hivyohivyo. Badala ya kila simu kuongea na mnara mmoja mkubwa, viboksi vidogo vya waifai vinapokezana ujumbe nyumba kwa nyumba, kama wavu wa wavuvi wenye mafundo mengi. Fundo moja likikatika, ujumbe unapita pembeni. Na pale wavu unapokutana na intaneti ya nje, linawekwa boksi la ulinzi. Linauliza wewe ni nani, linafunga ujumbe kwa siri, linamkataa asiyejulikana. Hilo ndilo geti la usalama. Kwetu sisi si jambo dogo. Mtu anayemtumia mama yake ujumbe wa mahali alipojificha hataki usomwe na mwingine njiani.

Sasa fikiria mtu anaingia bandarini na karatasi yake: "Kupokezana mifuko kwa mstari na kuweka mlinzi getini nimevumbua mimi. Kwa miaka 20 kila anayefanya hivyo aombe ruhusa yangu." Tungecheka mpaka tukae chini. Lakini kwenye ofisi za breve maneno kama hayo yanaandikwa kwa lugha nzito, na mkaguzi ana mafaili mengi mezani. Asipoona andiko la zamani linalopinga, anaweza kupitisha.

Ndiyo maana mwaka 2013 shirika la Marekani linaloitwa Electronic Frontier Foundation liliwaomba watu wa kawaida, mafundi na wanafunzi, wasaidie kutafuta maandishi ya zamani ya kupinga maombi ya breve yaliyogusa mitandao ya meshi. Hawakuvunja mlango. Mlango upo kisheria. Tangu tarehe 16 Septemba 2012 sheria ya Marekani inamruhusu mtu wa nje kupeleka maandishi kwa mkaguzi kabla breve haijatolewa, pamoja na maelezo mafupi ya kwa nini yanahusika. Muda ni mfupi, mara nyingi miezi 6 tangu ombi litangazwe. Ulaya nako, Ibara ya 115 ya Mkataba wa Breve wa Ulaya inamruhusu mtu yeyote kutoa hoja zake bila kulipa ada.

Na maandishi yapo. Majaribio ya redio kupokezana vifurushi vya ujumbe yalifanyika Marekani tangu miaka ya 1970. OLSR, njia moja maarufu ya meshi, ilichapishwa wazi Oktoba 2003 kama waraka namba RFC 3626. Kule Berlin, watu wa Freifunk walikuwa wanafunga viboksi juu ya mapaa miaka hiyohiyo ya mwanzo wa 2000, na mwaka 2015 wakaunganisha nyumba za wakimbizi.

Kuna mwenzangu aliniambia, "Breve ya Marekani haifiki Buyenzi, unajisumbua bure." Nusu ya maneno yake ni kweli. Breve inafanya kazi katika nchi iliyoitoa tu. Tena Shirika la Biashara Duniani limezipa nchi maskini zaidi, Burundi ikiwemo, mpaka tarehe 1 Julai 2034 kabla ya kulazimika kulinda breve kwa kipimo chake. Lakini viboksi vyenyewe vinatengenezwa mbali, na programu ya bure inayoviendesha inaandikwa na watu wanaojitolea, wengi wako Ulaya na Marekani. Wakitishiwa mahakama huko, wakaacha kazi, sisi huku tunabaki na programu ya zamani yenye matundu. Kwa hiyo karatasi yenyewe haifiki Buyenzi, lakini madhara yake yanafika.

Mwingine alisema, "Basi mnawaonea wavumbuzi." Hapana. Aliyeleta kitu kipya kweli, apate haki yake. Ninachokataa ni mtu kuchukua kazi ya wengi, kuipaka rangi, na kuiita yake.

Na msidhani mambo haya hayajafika Afrika Mashariki. Teff, ile nafaka ndogo ya injera ya Waethiopia, kampuni moja ya Uholanzi ilipewa breve ya Ulaya juu ya unga wake mwaka 2007. Unga! Mahakama ya The Hague ilikuja kuibatilisha breve hiyo kwa Uholanzi mwezi Novemba 2018, miaka 11 baadaye. Na kesi yenyewe ilishindwa kwa nguvu ya kampuni nyingine ya Uholanzi iliyokuwa imeshtakiwa, si kwa nguvu ya mkulima wa Ethiopia. Mkulima alikuwa anajua teff kuliko wote, ila hakuwepo mezani.

Hapo ndipo ninapotaka kufika. Sisi tuko kama huyo mkulima. Kikundi chetu kiliwahi kuunganisha nyumba 4 kwa ruta kuukuu za sokoni na programu ya OpenWrt, watoto wakapata masomo bila kununua mega. Hata geti tuliliweka: kila kijana na neno lake la siri, wageni upande wao. Mchoro wote ulikuwa kwenye daftari moja. Mvua ikajaa nyumbani, daftari likaoza. Leo mtu akiniuliza mlifanya lini na vipi, nina mdomo tu. Na ile sheria ya Marekani niliyotaja haipokei mdomo. Inataka maandishi yaliyochapishwa.

Mkimbizi anajua uchungu huu kuliko mtu yeyote. Unajijua ulizaliwa wapi, baba yako ni nani, ulisoma darasa gani, lakini mbele ya meza ya ofisi, bila karatasi ni kama hukuzaliwa. Basi kwa nini kazi ya mikono yetu nayo tunaiacha bila karatasi?

Kule kaskazini mwa Uganda, BOSCO walipeleka intaneti ya redio na umeme wa jua kwenye kambi za waliokimbia vita tangu 2007. Tunajua kwa sababu waliandika.

Pendekezo langu ni dogo. Kila tukitengeneza kitu, hata kirahisi, tuandike ukurasa mmoja: kitu gani, kinafanyaje kazi, tarehe ipi, na picha. Tuuweke mahali pa wazi ambapo yeyote anaweza kuusoma. Tusiandike majina ya watu wala nyumba wanamoishi, usalama kwanza. Na mwenye wazo jipya kabisa analotaka kuliombea breve yake, aulize kwanza anayejua sheria, maana ukichapisha mapema unaweza kujifungia mlango.

Ofisi ya Marekani hatuwezi kuikalia mlangoni kila siku. Lakini siku mtu akija kudai geti la wote, awepo mkaguzi, fundi au mwanafunzi wa Berlin au Nairobi atakayekuta ukurasa wetu, wenye tarehe yetu, na kusema: hapana, hawa walikutangulia.

Mimi naanza Jumamosi hii. Nitachora upya zile nyumba 4 na geti lake, kadiri ninavyokumbuka. Juu kabisa nitaandika tarehe ya siku hiyo, kwa sababu ile ya kweli ilioza na daftari.