Machimboni Hakuna Mpita Njia

"Hapa tunapita tu." Kauli hiyo husikika katika kambi za dhahabu kuanzia Mwakitolyo mkoani Shinyanga hadi Nyarugusu mkoani Geita. Huitoa kijana anayejisaidia nyuma ya turubai la mwenzake. Huitoa mwenye karasha anapoulizwa kwa nini mashine yake inasaga mawe makavu usiku kucha, hatua chache kutoka kwa watu waliolala. Huitoa hata kiongozi mwenye ofisi, akiulizwa kwa nini watu maelfu wamekaa miezi bila bomba la maji wala tundu moja la choo. Wote watatu wanaamini jambo moja: kambi ya wachimbaji ni mahali pa muda, na mahali pa muda hapadai adabu za ujirani.

Imani hiyo ni ya uongo, na wanaoilipia ni majirani.

Tuanze na hilo la kupita. Dhahabu ya Geita ilitambuliwa enzi za Wajerumani, mwaka 1898. Mgodi wa zamani wa Geita ulifanya kazi kuanzia miaka ya 1930 hadi 1966, na mgodi mkubwa wa sasa, GGM, ukaanza uzalishaji mwaka 2000. Muda wote huo wachimbaji wadogo hawakuisha katika ukanda huu. Nyarugusu palichimbwa wakati wa mkoloni na panachimbwa leo. Kakola, pembeni ya Bulyanhulu, ni mji wenye maduka, shule na nyumba za ibada. Katoro, uliokuzwa na biashara inayozunguka dhahabu, umekuwa jimbo la uchaguzi mwaka 2025. Sheria ya Madini ya mwaka 2010 yenyewe inampa mwenye leseni ya uchimbaji mdogo miaka saba, kisha inamruhusu kuihuisha. Ndani ya miaka saba mtoto huzaliwa, akatembea, akasema, akaandikishwa darasa la kwanza. Anayeishi mahali kwa muda wa kumfikisha mtoto shuleni hapiti.

Mtetezi wa kauli hii atajibu kwamba machimbo yanabaki lakini mtu anahama. Ni kweli anahama. Fununu ikitoka kwamba mahali fulani pamefumuka, kambi nzima inaweza kupungua nusu kwa juma moja. Watafiti Jesper Bosse Jønsson na Deborah Fahy Bryceson waliwafuatilia wachimbaji wa Tanzania na mwaka 2009 wakachapisha utafiti kuhusu kuhama kwao kutoka rashi moja, yaani machimbo mapya yaliyofumuka, hadi nyingine. Waliowaona hawakuwa watu wa kubahatisha wakingoja kurudi shambani. Wengi walikuwa mafundi wa kazi yao, wanaohama kwa hesabu na kujenga maisha ndani ya uchimbaji. Mtu wa namna hiyo akitoka Mwabomba anaingia Mwakitolyo, akitoka Mwakitolyo anaingia Lwamgasa. Anabadilisha majirani tu. Kambi ndiyo nyumba yake ya kudumu. Akichafua kila anapofika kwa sababu "anapita", amechafua maisha yake yote.

Kinachokasirisha zaidi ni kwamba wachimbaji hawa si watu wasiojua adabu. Wanazijua kuliko wengi wetu, ila wanaziacha chini ya ardhi.

Ukitaka kuona adabu za kambi, simama kwenye mdomo wa duara, yaani shimo la kuchimbia, wakati wa kubadilishana zamu. Anayeshika kamba haongei na simu. Hatoki pale hata akiitwa na mwenye leseni, mpaka mwingine ameishika. Anayeshuka hupaza sauti, na hakanyagi mpaka ajibiwe. Wanaotoka huwaeleza wanaoingia wapi mwamba umelia, wapi tone la maji limeongezeka, timba lipi, yaani gogo la kuegemeza mwamba, limeanza kupinda. Hakuna anayeng'oa timba la mwenzake akaliweka kwake, hata kama magogo yamekwisha na lori halijaja. Anayetaka kulipua baruti huwapa taarifa maduara ya jirani na kungoja watu wapande. Mashimo mawili yakikutana chini, jambo ambalo wachimbaji huliita mtobozano, nyundo husimama, wasimamizi huitwa, mpaka ukawekwa. Mawe yakipanda juu yanagawanywa mbele ya macho ya wote: sehemu ya mwenye leseni, mara nyingi asilimia 30, kisha ya mwenye duara, kisha ya walioyachimba. Mgawo hutofautiana kutoka machimbo hadi machimbo, lakini kugawana gizani ni aibu kila mahali.

Nyingi ya kanuni hizi hazikuletwa na ofisi yoyote. Zimetokana na watu kuona wenzao wakifa. Nguvu yake ilionekana Nyangarata, wilayani Kahama, mwaka 2015. Tarehe 5 Oktoba duara liliwafukia watu sita. Siku 41 baadaye, tarehe 15 Novemba, watano walitolewa wakiwa hai baada ya wachimbaji wenzao kusikia sauti kutoka chini. Walikuwa wameishi kwa mizizi, mende, vyura na maji yaliyokuwa yakidondoka mwambani. Wa sita alikuwa amefia humo. Januari 2017, katika mgodi wa RZ Union huko Nyarugusu, watu 15 walikwama chini, mmoja wao raia wa China, na wote wakatolewa hai. Agosti 2025 huko Nyandolwa, Shinyanga, walifukiwa watu 25, na safari hiyo wengi hawakutoka wazima. Katika misiba kama hiyo hakuna anayeuliza aliyefukiwa ni wa kabila gani wala alifika kambini lini. Mtu akifa kambini hata kwa homa tu, mchango hupitishwa siku hiyo hiyo na maiti ikasafirishwa kwao, iwe Kigoma au Mbeya.

Sasa panda juu. Watu wale wale waliokuwa wakilindana pumzi mita 40 chini wanafika kwenye mahema na kuacha kulindana.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa zebaki. Mchanga umeoshwa kwenye mwalo, zebaki imekusanya dhahabu, imebaki donge la rangi ya fedha lenye ukubwa wa punje ya hindi. Mchimbaji hulibeba kwenye kipande cha bati mpaka jiko la mkaa lililo karibu. Jiko hilo mara nyingi ni la mama ntilie, au la mkewe mwenyewe, na juu yake dakika kumi zilizopita palikuwa na sufuria ya maharage. Donge linapata moto. Zebaki huchemka kwenye nyuzi 357, lakini huanza kutoa mvuke mapema zaidi, na mvuke huo hauonekani wala haunuki. Mchoma dhahabu anainama kutazama rangi ikigeuka kuwa ya njano. Mtoto naye anainama kutazama. Mvuke unaingia mapafuni, kutoka hapo unakwenda kwenye damu, ubongo na figo, na kwa mjamzito unamfikia aliye tumboni. Unaobaki unatua kwenye bati la paa ambalo mvua ikinyesha ndilo litakalojaza ndoo za maji ya kunywa.

Mambo haya yanajulikana zamani. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mradi wa UNIDO, shirika la Umoja wa Mataifa la maendeleo ya viwanda, kuhusu zebaki ulifika Lwamgasa, wilayani Geita. Watafiti wa afya wakawapima wakazi wa pale na kuwalinganisha na wa Katoro, na wachomaji wa dhahabu wakakutwa na mzigo mkubwa wa zebaki mwilini. Mtoto aliyezaliwa Lwamgasa miaka ile leo ni mtu mzima wa kushuka duarani. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti juu ya watoto wanaofanya kazi kwenye machimbo ya Geita, Shinyanga na Mbeya, baadhi wakiwa na miaka minane tu, wakishika zebaki kwa mikono mitupu. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020. Kilichobaki ni jambo ambalo halihitaji mkataba wa kimataifa: mtu kutembea hatua mia moja, kwenda upande ambao upepo unaelekea nje ya kambi, na kutumia chombo kinachofunikwa ili mvuke unaswe badala ya kupuliziwa jirani. Anayekataa kutembea hatua mia moja anajua anachofanya.

Vumbi la karasha linafuata hapo hapo. Mawe ya dhahabu yamejaa silika, na yakisagwa makavu yanatoa unga mwembamba unaokaa mapafuni na kumfungulia mlango kifua kikuu. Mgonjwa wa kifua kikuu akilala katika chumba cha turubai chenye watu wanane, hao wanane wote wamo hatarini. Kumwagia mawe maji kabla ya kusaga, au kusogeza mashine mbali na vyumba vya kulala, kunagharimu kidogo kuliko dozi ya miezi sita. Hapo bado hatujazungumzia muziki unaopigwa mpaka alfajiri karibu na mtu wa zamu ya usiku anayejaribu kulala mchana, wala duara lililoishiwa mawe na kuachwa wazi bila hata tawi la mwiba kuzunguka mdomo wake, likingoja ng'ombe wa mwanakijiji au mtoto anayekwenda kuchota maji.

Kuna hoja moja inayostahili heshima. Wachimbaji husema: tujenge nini wakati tunaweza kufukuzwa kesho? Julai na Agosti 1996 maelfu ya wachimbaji walitimuliwa Bulyanhulu kupisha kampuni ya kigeni, na madai kwamba wengine walifukiwa mashimoni hayajaacha kuzungumzwa mpaka leo. Aliyeyaona hayo ana sababu ya kutoamini ardhi anayolalia. Lakini hofu hiyo inaeleza kwa nini mtu hajengi nyumba ya tofali. Haielezi kwa nini hachimbi choo. Watu wanaoshuka mita 50 ndani ya mwamba kwa nyundo na tindo hawashindwi na shimo la mita tatu kwenye udongo. Choo ni kazi ya asubuhi moja kwa vijana wanne wa kambi yoyote ya Geita. Kipindupindu nacho hakiulizi kama una leseni.

Serikali nayo haiwezi kujificha nyuma ya neno "muda". Masoko ya madini yalianza Geita Machi 2019, na tangu hapo dhahabu ya mchimbaji mdogo inapimwa, inaandikwa na kukatwa mrabaha kwa utaratibu mzuri. Serikali inayoweza kuhesabu gramu za mtu mpaka nukta ya desimali inaweza pia kumhesabu mtu huyo anapohitaji zahanati na maji. Haiwezekani mchimbaji awe mkazi siku ya kulipa na mpita njia siku ya kuhudumiwa.

Na wala haitakuwa mara ya kwanza kwa kambi za dhahabu kujitungia utaratibu wake. Wachimbaji wa California baada ya mwaka 1849 walikaa vikao vya kambi na kuandika kanuni za mipaka ya viwanja vyao. Sheria za madini za Marekani za mwaka 1866 na 1872 zikaja kuzitambua. Hapa kwetu mfano uko karibu zaidi. Sungusungu, walinzi wa jadi wa vijijini, walianza maeneo ya Kahama mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati wizi wa mifugo ulipowachosha watu kungoja polisi. Walivuka mipaka mara nyingi, na walioumizwa bila kosa wapo. Hata hivyo walithibitisha kwamba wananchi wa ukanda huu wanaweza kukubaliana kanuni, kutozana faini na kumtenga mkaidi bila kusubiri barua kutoka wilayani. Kambi inayoweza kumtoza faini mwizi wa kiroba cha mawe inaweza kumtoza anayechoma zebaki mlangoni kwa mtu.

Kwa hiyo ombi hili linakwenda kwa GEREMA na SHIREMA, vyama vya wachimbaji wa mikoa ya Geita na Shinyanga, kwa Maofisa Madini Wakazi, na zaidi ya wote kwa wasimamizi wa rashi, kwa kuwa wao ndio wa kwanza kufika. Machimbo mapya yakifumuka, kabla maduara hayajapewa namba, pimeni kwanza sehemu nne: ya vyoo, ya kuchomea dhahabu, ya makarasha na ya kulala watu, na upepo uangaliwe. Mwenye duara asiyeonyesha choo cha watu wake asipewe namba. Aliyemaliza duara alifukie kabla hajapewa jingine. Na msimamizi akisikia mtu anasema "hapa tunapita tu", amuulize nani anamshikia kamba akishuka, na amwonyeshe mahali anapolala mshika kamba huyo.