Aliyesema Hapana

Hapa Dodoma, karibu kila Bunge linapokaa, nasikia kijana akimwita mbunge fulani msaliti kwa kuwa tu amepingana na wenzake. Nami humwuliza: je, unamjua Mtemi Abdallah Fundikira? Hamjui. Basi kosa ni letu sisi walimu.

Fundikira alikuwa mtemi wa Unyanyembe, msomi wa Makerere, tena Waziri wa Sheria katika serikali ya Tanganyika huru. Mwaka 1963 TANU iliamua nchi iwe ya chama kimoja. Mwaka huo huo Fundikira akatoka serikalini.

Wapo wasemao kwamba alililia kiti chake, maana utemi nao ulifutwa wakati ule. Sawa. Lakini mwaka 1991, akiwa na miaka 70, alikuwa akililia kiti gani aliporudi kuongoza harakati za vyama vingi, kisha akawa mwenyekiti wa UMD?

Wengine hujibu kwamba penye wengi pana Mungu. Haya, tuhesabu. Tume ya Jaji Nyalali ilipokusanya maoni, takriban watu 80 katika kila 100 walitaka chama kimoja kiendelee. Hata hivyo Tume ilipendekeza vyama vingi, na sheria ikabadilishwa mwaka 1992. Wale 20 hawakuitwa wasaliti, walisikilizwa. Kwa nini basi mtu aliyewatangulia kwa miaka 29 tumfute katika masomo ya watoto wetu? Sidai kwamba Fundikira alikuwa malaika. Nadai kwamba nchi isiyomvumilia mtu wa kusema hapana haitajua ndiyo yake ni ya kweli au ya woga.

Nami si msafi. Miaka ya 1970 nilikuwa mwalimu kijana nikifundisha siasa. Mwanafunzi mmoja alisimama akauliza: "Mwalimu, kama chama ni kimoja, mwenye hoja nyingine aisemee wapi?" Darasa lilinyamaza. Nilimpa jembe nikamtuma akang'oe kisiki nyuma ya bweni. Alikwenda, akaking'oa, akarudi kukaa mahali pake. Hakuuliza tena swali lolote mpaka alipomaliza shule. Wakati ule niliita hiyo nidhamu.

Mwalimu mwenzangu, ukiulizwa swali kama lile, lijibu. Likikushinda, kiri kwamba limekushinda. Jembe usimpe.